Mwaka mzima na darasa la kwanza la watoto zaidi ya mia

Nafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani waliletwa shule, na hilo nalifurahia mpaka leo. Ila kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa, na mwaka ninaousimulia hapa nilipokea zaidi ya 110 katika chumba kimoja. Wapo waliopitia darasa la awali, wapo ambao hawajawahi kushika penseli, na wengi nyumbani kwao ni Kisukuma kitupu. Kufika Novemba karibu wote walikuwa wanasoma sentensi fupi na kukueleza walichosoma. Naandika tulivyofika huko kwa ajili ya walimu wenzangu, hasa wale wanaopangiwa darasa la kwanza wakaona kama wameadhibiwa.

Wiki za mwanzo siandiki herufi ubaoni. Tunasikiliza. Tunapiga makofi kwa kila silabi: ka-la-mu, makofi matatu, ng'o-mbe, mawili. Nani jina lake linaanza kwa sauti kama ya "kuku"? Asimame. Baba mmoja alikuja na daftari la mwanawe mkononi: "Mwalimu, mwezi unaisha, mbona humu hamna kitu?" Nikamwambia, "Baba, karibu ukae, usikilize." Mtoto wake akaulizwa neno "mama" linaanza na sauti gani, akafunga midomo akavuta "mmm". Yule baba hakuwa amesoma, lakini alielewa kuliko ambavyo ningemweleza kwa maneno.

Lugha ya kufundishia ni Kiswahili na ndiyo ninayotumia. Lakini mtoto wa miaka sita ukimwambia "chora mstari kutoka kushoto" akabaki anakutazama, usimhesabu mzito, hajaelewa ulichosema. Asubuhi nawaamkia "mwangaluka", agizo nalitoa mara moja kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili huku nikionyesha kwa mikono. Kufika Machi Kiswahili peke yake kinatosha. Kulikuwa na binti mmoja ambaye hata hivyo hakufungua kinywa darasani. Sikumlazimisha kusimama. Nilimpa kazi ya kugawa vikombe vya uji wa saa nne, kazi inayomtaka ahesabu na kuita majina ya wenzake. Kabla ya Pasaka akanifuata ofisini mwenyewe: "Mwalimu, shikamoo. Vikombe vimepungua viwili." Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza kuisikia mimi, na ilikuwa ya Kiswahili, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Sasa kwenye herufi. Nafundisha sauti, majina ya herufi yatakuja yenyewe. Mtoto aliyekaririshwa "a, be, che, de" akikutana na "baba" husoma "be-a-be-a" halafu anakwama, maana hivyo vipande haviungani. Naanza na irabu tano, kisha m. Funga midomo, toa sauti puani, usiachie. Sasa fungua kwa a: mmmaaa. Kwa herufi sita tu mtoto tayari anasoma mama, mimi, uma, umia. Siku wanaposoma "mimi" kila mmoja anajigonga kifua, na darasa halinyamaziki tena. Nikileta k tunapata kaka, kuku, kama, mkeka. Kila sauti mpya lazima izae maneno siku hiyohiyo, la sivyo naona ni kuwachosha bure.

Mpangilio wa sauti naufuata, ila siufanyi sheria. Kijana mmoja anayechunga na kaka zake alitaka kuandika "ng'ombe" mwezi wa tatu, wakati ng' kwa mpangilio ni ya mwishoni kabisa, baada ya mb, nd na ch. Nilimwandikia neno zima kwenye kadi akaenda nalo. Kesho yake alikuwa ameliandika mchangani mbele ya darasa, na kile kialama cha ng' amekiweka kwa kokoto. Wenzake walizunguka kulitazama. Kuanzia hapo kila mtoto nilimruhusu neno lake moja la kuchagua, na maneno hayo ndiyo waliyoyashika upesi kuliko yote.

Kwetu huku l na r zinataka subira, kwa kuwa Kisukuma kinatumia l. Ukimsomea imla "kura" anaandika "kula", na ameandika alichosikia. Kabla ya kuandika tunafanya mazoezi ya ulimi, l umetulia nyuma ya meno, r unatetemeka, halafu nasema maneno mawilimawili nao wanainua mkono wa kushoto au wa kulia. Herufi b na d pia husumbua, pamoja na 6 na 9 zinazogeuzwa. Kwa hizo dawa niliyoiona ni mchanga: mtoto anaandika kubwa kwa kidole, mkono mzima ukitembea, ndipo aende kwenye daftari.

Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Kwa watoto 110, ukiwafundisha wote kwa pamoja kila siku, wa mbele wanasoma na wa nyuma wanaitikia. Kwa hiyo dakika chache za mwanzo ni za wote, kisha tunagawanyika kwa kiwango: wasioshika sauti bado, wanaojua sauti, wanaounga silabi, wanaosoma maneno. Makundi yana majina ya miti, mwembe, mkwaju, mbuyu, mninga, na mtoto anahama mara tu anapoiva, hata katikati ya wiki. Mimi nakaa na kundi moja. La pili lipo nje mchangani, la tatu lina kadi za silabi nilizokata kwenye maboksi ya sabuni, la nne wanasomeana wawiliwawili. Kelele zipo. Mwalimu mkuu wetu wa wakati ule alikuja dirishani mara ya kwanza akidhani darasa halina mwalimu. Alipoona kila mtoto ana kitu mkononi, akanitafutia maboksi zaidi.

Kila siku nawasikiliza watoto watano, mmojammoja, kila mmoja dakika mbili tatu. Kwa mwendo huo, ndani ya mwezi mmoja hivi wa shule nimemsikia kila mtoto. Ndicho kitu ninachokishikilia kuliko vyote, kwa sababu mtoto anayeitikia na wenzake anaweza kujificha mwaka mzima. Kwenye daftari langu naweka nukta kwa anayejua sauti, mstari kwa anayeunga, duara kwa anayesoma akielewa.

Kuhesabu tunakwenda na vizibo vya soda na mabua ya mtama. Shida kubwa huja baada ya kumi: ukisema "kumi na nne" mtoto anaandika 104, kumi kisha nne, na kwa akili yake ametii kabisa. Nachora nyumba mbili chini, ya makumi na ya mamoja. Mabua kumi yakifungwa kamba yanakuwa fungu moja, na fungu ndilo linaloingia nyumba ya makumi. Manne yaliyobaki yanaingia nyumba ya mamoja. Tunahesabu nyumba: huku 1, huku 4. Tunarudia kwa kufunga na kufungua, mpaka mtoto mwenyewe aone kwamba ile 1 ni fungu. Ijumaa tunafungua duka la pakiti tupu za chai na viberiti, bei kati ya 1 na 20, na muuzaji ni yule anayesitasita kujumlisha. Rede na kuruka kamba pia nahesabu kama kazi ya darasa, maana anayeruka anahesabiwa kwa sauti na kundi zima.

Mahudhurio ndiyo yaliyonitaka akili zaidi. Siku ya mnada darasa linapungua, na msimu wa kuvuna pamba, Mei na Juni, wengine wanapotea wiki nzima wakilea wadogo zao huku mama yuko shambani. Sileti sauti mpya siku ya mnada. Tunarudia, tunacheza duka, tunaimba. Mwenyekiti wa kijiji alikubali kulisema suala hili kwenye mkutano, nami nikawaomba wazazi jambo moja tu, hata wasiojua kusoma: jioni mwambie mtoto akuonyeshe neno moja la leo. Mtoto aliyekosa siku tatu anarudi kundini kwake, na kiongozi wa kundi anampa kadi za siku alizokosa.

Muhula wa pili hadithi ni zao wenyewe. Mtoto anasema, "Mvua ilinyesha, mbuzi wetu akaingia ndani." Naiandika kwa herufi kubwa nyuma ya kalenda kuukuu, tunaisoma wote, kisha nauliza: nani aliingia? Kwa nini? Mitaala inabadilika, ule wa 2015 na huu ulioanza darasa la kwanza Januari 2024, lakini yote imesimama juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na kusoma bila kuelewa sikuhesabu kuwa ni kusoma.

Kabla ya kufunga Desemba nakaa na mwalimu wa darasa la pili tupitie daftari langu jina kwa jina, kwa kuwa yeye ndiye atakayewafikisha kwenye upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka ule wanane walibaki hawaungi silabi vizuri. Wawili kati yao niligundua wanakodoa macho kwa ubao lakini kadi ya karibu wanaisoma; wazazi wao wakakubali kuwapeleka hospitali ya wilaya likizo ileile. Wale sita tulipanga waanze Januari kwenye kadi zilezile, dakika 20 kila asubuhi, nami nikamwachia boksi zima.