Kiwanja Dodoma ukiwa nje: anza na pasipoti, si na picha za dalali

Ndugu zangu tulio nje, tangu serikali ihamie Dodoma, picha za viwanja vya Nala, Iyumbu, Ihumwa na Mtumba haziishi kwenye magrupu ya WhatsApp. Bei zinapanda na kila mtu anataka kuwahi. Kabla hujauliza bei, angalia kwanza pasipoti uliyonayo ni ya nchi gani.

Kwa msingi wake, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamvua uraia mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake. Ujerumani ilipolegeza sheria yake tarehe 27 Juni 2024, Watanzania wengi kule walishangilia kwamba sasa wana uraia pacha. Hapana. Mjerumani ndiye aliyeacha kukudai uukane uraia wa kwanza. Sheria ya Tanzania haikuguswa na uamuzi wa Berlin. Kuhusu hadhi maalum kwa diaspora, yaani haki kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, usinunue ardhi kwa maneno ya grupu. Mwambie wakili akuoneshe kifungu kinachokuhusu wewe.

Hapo ndipo watu huandikisha kiwanja kwa jina la mdogo wao au la mama. Naomba tulitazame jambo hili vizuri, maana limevunja familia nyingi. Hati yenye jina la mdogo wako ni mali ya mdogo wako. Akikopa benki anaweza kuiweka rehani. Akifariki, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake, na mkewe na watoto wana haki ya kukidai. Nawe usiye raia, ile karatasi mliyosaini sebuleni ya kuizunguka sheria si kitu cha kutegemea mahakamani. Kama unampa, mpe kwa moyo mmoja na ujue umetoa zawadi.

Kama bado ni raia, nunua kwa jina lako na umpe ndugu hati ya uwakilishi, isainiwe na kuthibitishwa ubalozini. Iwe na mipaka: kununua kiwanja namba fulani, kitalu fulani, basi. Hati ya "anisimamie mambo yangu yote" inampa mtu nguvu ya kuuza pia. Ikifika nyumbani isajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Halafu omba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, yaani wakuoneshe kumbukumbu zinasema mmiliki ni nani, si nakala ya ofa (barua ya kumpa mtu kiwanja) aliyoipiga picha dalali. Dodoma ina historia yake: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri. Mtu akikuletea karatasi ya enzi za CDA, hakikisha kiwanja hicho kinaonekana kwenye kumbukumbu za Jiji kwa jina la anayeuza. Kama kina nyumba ya familia, mwenzi wake naye asaini. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa nani anajulikana pale, ila muhuri wake hauwi hati.

Mpima aende na ramani ya upimaji, asome namba kwenye bikoni (alama za mipaka) moja moja na kulinganisha vipimo. Bikoni hung'olewa, na jirani akijenga ukuta mita mbili ndani kwako utajua baadaye. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Video ya Septemba itakuonesha uwanda mkavu mzuri, kumbe ni njia ya korongo. Mtu achimbe shimo la kama mita moja: udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na msingi wa kawaida juu yake hupata nyufa. Aulize pia bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, limefika wapi, kwa kunyoosha kidole, si kwa "mradi unakuja".

Pesa ipelekwe benki, kwenye akaunti ya mwenye jina lililo kwenye upekuzi, na stakabadhi zote zitunzwe. Kwa takwimu za Benki ya Dunia za miaka ya karibuni, kutuma dola 200 kusini mwa Sahara hula karibu asilimia 8, wakati lengo la dunia ni chini ya 3 ifikapo 2030. Sehemu kubwa hujificha kwenye kiwango cha kubadilishia fedha, hata pale wanapoandika "bila ada". Linganisha shilingi zitakazofika, siku hiyohiyo, kwa watumaji watatu.

Ukishapata hati, soma masharti ya uendelezaji. Huwa yanataja muda wa kujenga, na kodi ya pango la ardhi inadaiwa kila mwaka, uwepo usiwepo. Anayedunduliza akiba ya ujenzi kidogo kidogo kutoka nje apige hesabu ya muda huo kabla hajasaini.