Prosesa juu, na hakuna anayenakili kitu

Leo seva ya chelezo imeshinda na prosesa juu. Ni Linux, na kazi yake ni kupokea diski za USB zinazochomekwa na kuchomolewa.

Ukifungua top, orodha ya programu zinazokula prosesa, anayeongoza ni systemd-udevd, yaani udev, programu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa.

Msikimbilie kuwasha upya. Itatulia kidogo tu, kisha yale yale.

Andika udevadm monitor, amri inayoonyesha matukio ya vifaa, utazame. Diski imekaa tu, haiguswi, lakini skrini inateremka: change, change, change, zote za sdc1, sehemu ya diski hiyo. Haikatiki!

Kama add (kuchomekwa) na remove (kuchomolewa) zingekuwa zinapishana, ningeshuku kebo au umeme mdogo wa hub, na dmesg, ujumbe wa kernel, ingesema. Change tupu ni jambo jingine.

Udev hutega sikio kwa kila diski: programu ikiifungua kwa kuandika kisha ikaifunga, hutoa tukio la change. Na kwenye /etc/udev/rules.d kulikuwa na kanuni inayorusha skripti kupitia systemd-run, amri ya kuendesha kazi pembeni, kwa kila tukio. Skripti inaendesha e2fsck -p, mkaguzi wa mfumo wa faili, ambayo hufungua sdc1 kwa kuandika, na ikiifunga change nyingine inatoka. Paka na mkia wake.

Dawa: ACTION=="add" kwenye kanuni, ili skripti irushwe kwa tukio la add tu, kisha udevadm control --reload ili kanuni zisomwe upya. Prosesa ikashuka.

OPTIONS+="nowatch", inayozima kule kutega sikio, nayo inazuia, ila faili lake lisomwe baada ya 60-block.rules, linalokuwasha, na ukibadilisha lebo ya diski udev haitajua yenyewe papo hapo. Siipendi.

Nyie diski zenu mnazikagua zikichomekwa, au mnapanga muda maalumu?