Kayamba Kikapuni

Zahanati ya mtaani Likoni ilikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu. Shangazi hakukanyaga. Benchi la watu wa dawa za virusi vya UKIMWI liliwekwa barazani, limeelekea njia, na kila apitaye kwenda sokoni ana macho. Yeye alipanda feri, akavuka hadi kisiwani Mombasa, akaunga na matatu. Siku akikosa nauli ya matatu hakwenda. Mwaka 2014 siku hizo zikaungana zikawa miezi miwili.

Nilikuwa na miaka 19 nikapewa kazi ya kumsindikiza. Alikuwa amekonda, leso inamzunguka mara mbili. Daktari wa kule kisiwani hakumgombeza. Alisema tu kwamba virusi vikionja dawa kisha vikaachiwa, hujifunza kuishi nayo. Akampa chupa tatu za vidonge 30, kimoja kila usiku.

Vidonge vya wakati ule vilimletea ndoto za ajabu, lakini hizo alizicheka. Kilichomnyima raha ni mlio. Chupa ni ya plastiki ngumu, vidonge vinono kama maharagwe. Ukipiga hatua tu, chaka-chaka, na wanaoujua mlio ule huujua hata gizani.

"Nimebeba kayamba, mwanangu," alisema. "Na ngoma yake nani asiyeijua?"

Tulinunua pamba dukani tukaishindilia. Ikatosha chupa mbili.

Feri ya jioni ilijaa pomoni. Tulipopata pa kusimama, ubavuni petu akajipenyeza jirani yetu muuza viazi karai, mwanamke mwenye ulimi ambao mtaa mzima tulikuwa tukiuogopa. Feri ikagonga gati, kikapu kikayumba. Chaka. Shangazi akakohoa kikohozi kirefu cha uongo. Mimi nikaanza kuhadithia mpira, mechi ambayo hata sikuitazama.

Jirani akayatazama maji.

"Pamba hiyo haitoshi," akasema polepole, bila kugeuka. "Mie hutia kipande cha dera kuukuu. Kizito."

Kikohozi kikakatika.

"Wewe watoka wapi?" shangazi akauliza.

"Nawe je?"

Walikuwa wametoka kliniki moja, jengo moja, milango tofauti. Miaka yote ile kila mmoja aliikimbia zahanati ya jirani kwa kumwogopa mwenziwe. Siku hizi kliniki husema wazi kwamba mtu anayemeza dawa sawasawa hadi virusi visionekane kipimoni hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Sisi wakati ule hatukuwa tumeambiwa. Tulijua pamba tu.

Tarehe iliyofuata sikuitwa. Niliwaona kwa mbali wakiteremka kivukoni, wakibishana juu ya bei ya gunia la viazi, wameshika kikapu kimoja, huyu sikio hili na huyu sikio lile.