Kigimbi kimevimba, na si yabisi

Nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyako mwenyewe, na kazi yangu ni kushona. Maumivu ya magoti na vidole nimeyazoea. Ya kigimbi yalikuwa mengine: mguu mmoja tu, umevimba, una joto. Yalianza baada ya safari ya basi kutoka Mwanza hadi Dar, yabisi yenyewe ikiwa imechachamaa.

"Mwanangu, hiyo yabisi imeshuka mguuni, njoo nikuchue," shangazi akasema, mafuta mkononi. Nikamwomba asubiri. Nikachukua futi ya fundi, nikapima vigimbi vyote viwili, umbali uleule chini ya goti. Kimoja kilizidi kingine kwa zaidi ya sentimita 3. Nikaenda hospitali.

Daktari hakuamua kwa macho. Wenye yabisi hupata kifuko cha maji nyuma ya goti. Kikipasuka, maji hushuka kigimbini na mguu unafanana kabisa na wenye bonge la damu. Kipimo cha damu cha kutafuta bonge nacho hupanda kwa sababu ya yabisi tu. Ultrasaundi ya mishipa ndiyo iliyomaliza ubishi: ni bonge. Akaniambia hatari yetu wenye yabisi ya kupata bonge ni kama mara mbili ya watu wengine, kwani yabisi ikiwaka, ini hutengeneza protini nyingi za kugandisha damu.

Nikaanza sindano za heparini tumboni pamoja na vidonge vya warfarini, zote dawa za kuzuia damu kuganda, mpaka INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikatulia kati ya 2 na 3. Kazi kubwa ilikuwa kuibakiza hapo. Diklofenaki, dawa ya maumivu na kipenzi changu cha miaka, ikapigwa marufuku. Ikikutana na warfarini tumbo linaweza kuvuja damu. Hata panadol nikiimeza siku nyingi mfululizo nawaambia kliniki, maana hupandisha INR. Kisamvu na matembele sikuacha, ila nala kwa kiasi kilekile kila wiki; nikizidisha ghafla, INR inashuka. Methotreksati, dawa yangu ya yabisi, iliendelea, kwa sababu yabisi ikitulia na damu inapata nafuu. Niliulizia tofasitinibu, dawa nyingine ya yabisi, daktari akakataa: tangu 2019 Marekani inataka vidonge hivyo viwe na onyo la damu kuganda.

Sasa nikimaliza kipande nainuka kwenye cherehani ili damu itembee, nipende nisipende. Nyumbani wote wanajua: pumzi ikinikata ghafla au nikikohoa damu, huenda bonge limefika mapafuni, ni dharura moja kwa moja, bila kupitia duka la dawa.