Hydra kwa siku tano: anza na meli, ndege baadaye

Kisiwa cha Hydra, Ugiriki, hakina gari, hakina pikipiki, na hata baiskeli hairuhusiwi. Yanayoruhusiwa ni magari machache mno tu, ya kuzoa taka na ya dharura. Mizigo hubebwa na punda na nyumbu, na nyumbu huyu ni yule mtoto wa punda na farasi, si wale wa kuvuka Mto Mara. Aliyewahi kupishana na punda katika vichochoro vya Lamu atajiona yuko karibu na nyumbani, mpaka aanze kupanda. Mji wa Lamu ni karibu tambarare. Hydra ni ngazi. Nyumba zimepangwa kuzunguka bandari kama viti vya uwanja wa mpira, na chochote kisicho ufuoni kiko juu.

Wengi hapa Nairobi huanza kwa kutafuta tiketi ya ndege ya bei nzuri kwenda Athens, kisha kila kitu kingine kinalazimishwa kuifuata. Kwa safari fupi, hapo ndipo siku nzima inapopotea. Hydra haina uwanja wa ndege, na njia ya kawaida ya kufika ni meli ya kasi kutoka bandari ya Piraeus. Ratiba ya meli ndiyo inayoamua ulale wapi usiku wa kwanza, kwa hiyo ifungue hiyo kwanza, chagua meli, halafu urudi nyuma mpaka upate ndege inayokufikisha kwa wakati.

Hesabu yenyewe ni hii. Baada ya ndege kugusa ardhi Athens, weka saa moja ya foleni ya pasipoti na kusubiri begi, na zaidi ya hapo Julai na Agosti. Treni ya metro, laini ya 3 ya buluu, inatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Piraeus tangu Oktoba 2022. Hupita kila baada ya dakika 36 hivi, kwa hiyo ukiikosa kwa dakika moja, umepoteza nusu saa. Safari yenyewe ni karibu saa moja na tiketi ni yuro 9. Unaweza kushuka kituo cha Piraeus au cha mwisho, Dimotiko Theatro, kisha utembee hadi geti la bandari. Meli za Hydra kwa kawaida huondokea geti E8, lakini amini kilichoandikwa kwenye tiketi yako. Uwe getini nusu saa kabla. Jumlisha yote hayo, ongeza kitu cha kuchelewa, unapata saa nne tangu kutua. Ukitua alasiri wakati usio wa kiangazi, meli ya mwisho huenda imeshakwenda. Lala Piraeus karibu na bandari na uondoke na meli ya asubuhi. Basi X96 nalo linatoka uwanja wa ndege hadi Piraeus usiku na mchana kwa yuro 5.50, lakini linategemea foleni ya barabara, na foleni sote tunaijua.

Ndani ya metro hiyo, begi liwe mbele ya kifua. Wezi wa mifukoni huwatazamia watu wanaotoka uwanja wa ndege wakiwa na usingizi machoni. Ukiweza kupita stendi ya matatu mjini saa za jioni bila kupoteza simu, unayo mafunzo yote unayohitaji.

Ukiunganisha ndege Istanbul, Doha, Cairo au Dubai, ukaguzi wa mpaka utafanyika Athens. Ukipitia Paris, Amsterdam au Frankfurt, utakaguliwa hukohuko, na Athens utashuka kama mtu wa safari ya ndani. Hiyo inaokoa muda mwishoni lakini inaula katikati. Usinunue tiketi yenye chini ya saa mbili za kuunganisha katika miji hiyo, hasa kwa kuwa tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia visa moja, zilianza kuhamia mfumo wa kusajili wageni kwa kompyuta badala ya kugonga muhuri, na foleni hazijapungua kwa sababu hiyo.

Sasa visa, ambayo ndiyo huvunja safari nyingi kabla hazijaanza. Ugiriki ina ubalozi Nairobi, na unachoomba ni visa fupi ya Schengen. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na hairudishwi ukinyimwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau yuro 30,000, na ishike kila siku utakayokuwa huko, pamoja na siku ya kuingia na ya kutoka. Waliowahi kutoa alama za vidole kwa visa ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita kwa kawaida hawarudii.

Karatasi hukataliwa kwa mambo madogo. Hoteli ya Hydra imeandikwa usiku tatu, ndege inaonyesha usiku nne, na hakuna anayejua usiku wa nne unalala wapi. Taarifa ya benki ina salio kubwa lililoingia wiki moja kabla ya kuomba, kutoka kwa mjomba ambaye hatajwi popote. Barua ya mwajiri inasema unafanya kazi lakini haitaji tarehe za likizo. Mwenye biashara yake anasahau cheti cha usajili na karatasi za kodi za KRA. Kosa jingine ni kuongeza Roma "kwa kuwa tuko karibu": unatakiwa kuomba kwa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo usiku mbili Hydra na tatu Italia inakupeleka ubalozi mwingine kabisa.

Visa ikitoka, isome kabla hujaondoka dirishani. Ina tarehe mbili na ina idadi ya siku, na hivyo si kitu kimoja. Tarehe zinaweza kuonyesha wiki tatu ilhali siku ulizopewa ni sita tu. Siku ya kuingia huhesabiwa na siku ya kutoka huhesabiwa, hata kama umetua saa tano usiku.

Kuhusu majira, naona Mei mwishoni, Juni na Septemba ndiyo miezi ya kwenda. Aprili bahari bado ni baridi kwa mtu aliyezoea Diani. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na ukipanda ngazi saa nane mchana utajuta. Majira ya baridi hoteli na mikahawa mingi hufungwa na meli hupungua. Wikendi ya mwisho wa Juni kuna Miaoulia, sherehe ya kumkumbuka Andreas Miaoulis, amiri wa vita vya uhuru vya 1821, ambapo mashua huchomwa moto bandarini. Inapendeza kuona, ila vyumba huwa haba.

Mtego wa kalenda kwa sisi wa huku ni Pasaka na Leba Dei. Wagiriki hufuata Pasaka ya Kiorthodoksi. Mwaka 2027 Pasaka ya kalenda yetu ni Machi 28, yao ni Mei 2, siku moja baada ya Leba Dei. Mtu atachukua likizo ya Mei mosi akidhani amekwepa msongamano wa Pasaka, kumbe ameingia katikati yake, wakati nusu ya Athens inaelekea visiwani. Isitoshe, mabaharia wa Ugiriki mara nyingi hugoma Mei mosi, na meli zikigoma hakuna njia ya mkato.

Tiketi ya meli Piraeus hadi Hydra ni kama yuro 40 kwa mtu, kwenda tu. Safari huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili, kutegemea kama meli inapitia kisiwa cha Poros. Inunue mtandaoni kwa jina lililo kwenye pasipoti. Kadi ya M-Pesa GlobalPay inafaa kwa malipo ya mtandaoni kama haya, lakini haichanjwi kwenye mashine, kwa hiyo uwe na kadi ya benki pia na yuro taslimu za noti ndogo. Ukiwa ndani ya meli usilale fofofo. Nyingi haziishii Hydra. Huendelea Ermioni, Spetses na Porto Heli, na husimama dakika chache tu. Kama tumbo lako halipendi mawimbi, kaa katikati au nyuma, usikae mbele.

Ratiba zote ni za saa 24, na hapa kundi la WhatsApp linaweza kuachwa na meli bila kosa la mtu yeyote. Mmoja ameandika "meli ni saa nane" akimaanisha 08:00, mwingine amesoma kama 14:00. Andikeni tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, basi. Tofauti ya saa haisumbui: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ugiriki na Nairobi ziko sawasawa. Nje ya hapo wako nyuma yetu kwa saa moja.

Kitu kinachoharibu safari fupi kuliko vyote ni upepo. Mamlaka ya bandari hupima nguvu yake kwa kipimo cha Beaufort na kuzuia meli zisitoke, na hizi ndogo za kasi huzuiwa mapema kuliko meli kubwa. Ghuba ya Saronic, ambako meli za Hydra hupita, ina kinga kuliko bahari ya Aegean ya wazi, ila haijasalimika. Meli ikizuiwa unarudishiwa pesa au unapewa safari nyingine, lakini ndege yako ya Nairobi haikungojei. Kwa hiyo Hydra iwe mwanzo wa safari na Athens iwe mwisho. Usiku wa mwisho lala Athens hata kama moyo unataka kubaki kisiwani. Njia ya akiba ni boti ndogo za kwenda Metochi, ng'ambo ya pili kwenye rasi ya Peloponnese, dakika kama 20, kisha karibu saa tatu za barabara hadi Athens. Nazo bahari ikichafuka sana hazitoki.

Unapotafuta chumba, umbali wa mita hauna maana. Mwulize mwenye nyumba ni ngazi ngapi kutoka bandarini, na kama kuna sehemu isiyo na ngazi. Picha yenye bahari yote chini ni picha ya ngazi 200. Sanduku la magurudumu halifai kitu hapo. Begi la mgongoni la kilo 8 au 10 linatosha kabisa kwa usiku tatu. Ukishindwa, wapo watu wa punda gatini, na bei mnakubaliana kabla mzigo haujafungwa. Usimpakie mnyama kupita kiasi: mwaka 2018 wizara yao ya kilimo ilielekeza kwamba punda na nyumbu wasibebe zaidi ya kilo 100, au moja ya tano ya uzito wao. Viatu viwe vya soli ya kushika, kwa sababu mawe ya vichochoro yamelainika kwa miaka ya nyayo na kwato.

Bei ya chumba mtandaoni mara nyingi haina ushuru wa serikali, unaolipwa ukifika. Tangu 2025, Aprili hadi Oktoba, hoteli ya nyota tatu ni yuro 5 kwa chumba kwa usiku, nyota nne 10, nyota tano 15, na nyumba ya kukodi siku chache ni 8. Chukua adapta pia. Plagi zao ni za pini mbili za mviringo, na ya kwetu ya pini tatu haiingii. Karatasi ya chooni hutupwa kwenye ndoo, isitiwe ndani ya choo, kwani mabomba ni membamba.

Ufuo wa mchanga kama wa pwani yetu, usiutafute. Spilia, kando tu ya bandari, ni miamba na ngazi za chuma za kushukia majini. Vlychos, dakika 40 kwa miguu kupitia kijiji cha Kamini, ni kokoto. Mandraki, upande wa pili, ni nusu saa. Viatu vya majini vitakuokoa. Teksi za majini hutoza boti nzima, si kichwa, kwa hiyo watu sita hulipa kidogo kila mmoja na mtu mmoja hulia. Kwa monasteri ya Nabii Eliya juu mlimani, ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na lita moja na nusu ya maji kila mtu. Ni saa moja na zaidi ya kupanda na kivuli ni kidogo. Nyumba aliyoinunua Leonard Cohen, mwimbaji wa Kanada, mwaka 1960 ni ya watu binafsi, kwa hiyo hakuna kuingia.

Mkahawani, samaki wengi huuzwa kwa kilo. Aletwe mbichi, apimwe mbele yako, bei itajwe, ndipo aende jikoni. Mchana, meli za watalii wa siku moja hujaza bandari. Ikifika jioni wameondoka na meza za mbele zinabaki wazi. Na kama umeagiza punda wa kushusha begi siku ya kuondoka, mwambie mwenye nyumba jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa saa ya kwenye tiketi, na upunguze dakika 45.