Trauti wa Naro Moru maji yakipungua

Februari Mto Naro Moru, unaotiririka kutoka Mlima Kenya, hupungua hadi mawe ya chini yanahesabika, na trauti, samaki wa maji baridi, wanakuona kabla hujawaona. Kila nikirusha mshipi, wanatimkia chini ya mwamba. Dawa ilikuwa kubadilisha upande. Trauti hukaa kichwa kikielekea mkondo unakotoka, kwa hiyo nikaanza kuupanda mto kutoka chini, nikipiga magoti, kivuli changu kisiguse maji. Uzi wa nailoni wa mwishoni nikaurefusha hadi futi 12, unene milimita 0.12. Inzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu, nikachagua mdogo, ndoana namba 18, mweusi, bila madoido. Akatua kwenye povu kando ya jiwe. Pua ya trauti ikachomoza, akammeza taratibu. Shati jekundu nalo liache nyumbani, trauti wasije wakakuona.