Mama na Kitambaa cha Zambarau

Juni 2018 mama alikuwa kwangu London, amekuja kumwona mjukuu. Jumapili ya tarehe 10 nikamkokota hadi Park Lane kwenye maandamano ya wanawake, miaka 100 tangu sheria iliyowapa baadhi ya wanawake wa Uingereza haki ya kupiga kura. Kila mmoja alipewa kitambaa, cha kijani, cheupe au cha zambarau, ili barabara nzima ionekane bendera moja inayotembea. Sisi tukaangukia zambarau.

Mama ni fundi cherehani, Tanga nzima ya utoto wangu ilivaa mkono wake. Alikigeuza kitambaa, akakagua pindo, akauvuta uzi kwa ukucha. Kisha akajifunga kibwebwe juu ya baibui. Binti aliyekuwa akigawa alitaka kumwonyesha kwamba ni cha shingoni, akamtazama usoni, akaghairi.

Njiani nikamsimulia. Rangi zile alizichagua Emmeline Pethick-Lawrence, mmoja wa viongozi wa wanawake waliodai kura, mwaka 1908: zambarau heshima, nyeupe usafi, kijani matumaini. Juni mwaka huohuo wanawake walimiminika bustani ya Hyde Park kudai kura, wengi na magauni meupe na mishipi ya rangi hizo begani. Wachora vibonzo walikuwa wamezoea kuwachora kama vikongwe wakali wasiojua kuvaa, kwa hiyo kupendeza nako kukawa silaha. Hilo mama hakuhitaji kufafanuliwa.

"Ukienda kudai haki na matambara, watajibu matambara."

Mbele yetu mwanamke mmoja alivaa nakala ya bruchi, pini ya kujipamba, ambayo mwanaharakati mwenzao Sylvia Pankhurst aliwabunia waliotoka gereza la Holloway walikofungwa kwa kudai kura: lango la chuma, minyororo ikining'inia ubavuni, juu yake mshale wa rangi tatu. Mshale huo ndio uliokuwa ukipigwa chapa kwenye sare za wafungwa. Mama akamgusa bega, akaomba kuitazama, pua karibu iguse.

"Wafungwe, halafu wajipambe na kufungwa kwao! Hawa wangekuwa Tanga tungeelewana."

Tulipokaribia Westminster, penye Bunge, akauliza, "Na mafundi waliokuwa wakishona hayo magauni, nao walipata kura?"

Nikamwambia sheria ya 1918 ilitaka mwanamke awe ametimiza miaka 30, tena kwa wengi ilitazama kama yeye au mumewe ana nyumba, yake au ya kupanga. Wasichana wa vyumba vya kushonea walisubiri hadi 1928.

"Nilijua tu," akasema, akaanza kuulizia choo.